Gia Zinapokataa Kupanda Mlima

Natumaini mwalimu amekwisha andika ubaoni maneno ya leo. Tuyasome pamoja: gia, oili, kijiti, mteremko. Tena: gia, oili, kijiti, mteremko. Vizuri.

Leo tutazungumza juu ya gari la otomatiki, yaani gari linalobadili gia lenyewe. Mmeziona Toyota Noah, gari zile za watu wengi, zinazoletwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika huko. Nyingi ni za otomatiki. Nanyi wa Masasi mnakaa chini, kwenye vilima vya mawe. Wa Newala wanakaa juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Atokaye Masasi kwenda Newala hana budi kupanda. Huko ndiko gia hupata mtihani.

Sikilizeni mfano. Baba mmoja wa Masasi alikuwa na Noah. Kwa majuma matatu aliona jambo dogo. Kila asubuhi akitia D, gari lilikaa kidogo, kisha likashtuka ndipo likaenda. Mkewe akamwambia, “Baba watoto, mwite fundi alitazame.” Akajibu, “Gari limezeeka tu.” Akaongeza oili kidogo, basi.

Siku moja wakapakia watoto na bibi yao, wakaenda arusini Newala. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Walipoanza kupanda, injini ikanguruma, lakini mwendo ukapungua. Baba akazidi kukanyaga mafuta. Kelele zikazidi, mwendo ukazidi kupungua, na harufu ya kuungua ikatoka. Mwisho gari likasimama, likaanza kurudi nyuma. Baba akakanyaga breki, akavuta na breki ya mkono. Mtoto mkubwa akaruka, akatia jiwe nyuma ya gurudumu. Walisalimika wote, lakini arusi hawakuiona.

Fundi alipopima, alikuta oili ya gia imepungua, ni nyeusi, yanuka moto. Tena ile aliyoiongeza baba ilikuwa oili ya injini. Alitazama kopo, hakulisoma. Kopo la oili ya gia za otomatiki huandikwa herufi tatu: A, T, F. Herufi tatu tu, nazo zingeweza kumwokoa.

Kwa nini oili ina kazi kubwa hivi? Fikirini feni mbili zilizoelekeana. Ukiwasha moja, upepo wake huizungusha ya pili. Ndani ya gari la otomatiki, injini huzungusha feni ya kwanza, feni hiyo husukuma oili, na oili huzungusha feni ya pili. Kisha oili hiyo hiyo, kwa nguvu za pampu, hubana sahani nyembamba zinazoshika gia. Oili ikipungua, sahani hazibanwi sawasawa. Zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Katika tambarare huenda dereva asitambue, maana kazi ni nyepesi. Mlima ndio unaofichua.

Basi, zishikeni dalili hizi:

1. Ukitia D au R, gari lakawia kuondoka.
2. Gia ikibadilika, gari lashtuka.
3. Injini yanguruma, mwendo hauongezeki.
4. Kuna harufu ya kuungua, au matone mekundu chini ya gari.
5. Taa ya O/D OFF yawaka na kuzimika yenyewe. Lakini ikiwaka tu bila kuzimika, si ugonjwa. Maana yake mtu amebonyeza kitufe cha kuzuia gia ya juu. Wako waliokwenda kwa fundi kwa ajili ya kitufe hicho!

Sasa tujifunze kupima. Endesha gari mpaka lipate moto. Lisimamishe mahali tambarare, uvute breki ya mkono, uache injini ikiwaka. Kanyaga breki, upitishe gia polepole toka P hata L, kisha uirudishe P. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, ukipanguse, ukirudishe, ukichomoe tena. Sasa soma. Katika Toyota nyingi za zamani kijiti kina maneno mawili: COOL ni baridi, HOT ni moto. Gari likiwa na moto, oili ifike kwenye HOT, isizidi. Oili nzuri ni nyekundu. Tazama pia kama kijiti kimeandikwa aina ya oili. Noah nyingine za miaka ya baadaye zina gia za mkanda, na oili yake huandikwa CVT. ATF na CVT hazichanganywi.

Je, gari likikukatalia mlimani? Usizidi kukanyaga mafuta, maana waziunguza sahani. Simama pembeni, tia P na breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu, shusha watu. Mwite fundi. Gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba mwendo mrefu. Magurudumu yanayozungushwa na injini yainuliwe, au gari lipakiwe juu ya lori.

Na wakati wa kushuka kutoka Newala, tia 2 au L, injini isaidie kuzuia gari. Usitie N kwa kutaka kubana mafuta. Breki peke yake zikipata moto sana hazishiki, na nyuma yako wamekaa watoto.

Baada ya somo, mwalimu awaulize maswali haya. Baba yule alipata dalili gani kwanza? Herufi za kopo ni zipi? Kwa nini gari lilikwenda vizuri katika tambarare? Kisha kila mmoja aandike daftarini: P, R, N, D, 2, L. Mwenye jirani aliye na gari aombe kuonyeshwa kijiti, akisome mwenyewe.

Kwaherini, na safari njema.