Beberu Aliyelipa Ada



Mimi ni mhasibu, na leo nimepewa kazi ya kuomba fedha za mabeberu. Msicheke, simsemi yule beberu wa kwenye siasa.

Nilipochaguliwa kwenda kidato cha tano, baba aliingia zizini akamtoa beberu mkubwa kuliko wote, akampeleka mnadani. Ndiye aliyelipa ada yangu. Wengi mliomo humu ukumbini mlisomeshwa hivyohivyo. Lakini nani alibaki kupanda majike? Yule mdogo, ambaye mchuuzi alimtazama akampita. Mwaka baada ya mwaka anayekua haraka anauzwa, aliyedumaa anaachwa awe baba wa kundi. Huko nako ni kuchagua mbegu, ila tumechagua kinyume. Tukirudi Krismasi tunashangaa mbuzi wamekuwa wadogo, tunalaumu malisho. Malisho yana sehemu yake, lakini si yote.

Jike huzaa mtoto mmoja au wawili kwa mimba ya miezi mitano. Beberu mmoja aweza kupanda majike 25 kwa msimu, na kila mtoto hurithi nusu kwa baba. Jike dhaifu ni hasara ya zizi moja. Beberu dhaifu ni hasara ya kitongoji kizima.

Uingereza, karne ya 18, mfugaji Robert Bakewell wa Dishley aliwatenga kondoo dume na majike ili ajue nani kazaa na nani. Madume bora hakuwauza, aliwakodisha kwa msimu. Akiona watoto wao kwenye mazizi ya wenzake, alijua dume yupi amrudishe nyumbani. Kondoo wake walinenepa upesi, ingawa nyama ilizidi mafuta. Kwa hiyo sisi tuandike mapema tunachotaka: kukua haraka, na kustahimili kiangazi chetu.

Tunaomba mabeberu 6, mmoja kila kitongoji, wanunuliwe humuhumu wilayani, wawe mali ya chama. Wahamishwe kitongoji kila baada ya mwaka, wasije wakapanda binti zao. Madume wengine wahasiwe wakiwa wadogo. Ada ikifika, mzazi auze hao. Daftari la vizazi nitalitunza mimi, bure.

Mzee wangu amekaa pale mstari wa pili. Hakukosea, alikuwa na mtoto wa kusomesha. Deni lile ni langu, kwa hiyo beberu wa kwanza namnunua mimi. Wamebaki 5.