Kifungo cha Nje Kinamtosha Nani?



Kijana aliyemwibia jirani akipewa kifungo cha nje, manung'uniko huanzia pale pale kwenye veranda ya korti: "Si wamemwachilia tu!" Siwacheki wanaonung'unika. Mlalamikaji amepoteza siku za kazi akija kutoa ushahidi, na sasa huenda akapanda matatu moja na mwizi wake kurudi kijijini.

Hata hivyo, Sheria ya Probesheni ya Kenya, Sura ya 64, haimwachilii mtu. Inamweka chini ya afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Tena hakimu hutakiwa kwanza amweleze, kwa lugha nyepesi, kwamba akikiuka masharti atarudishwa kuhukumiwa kwa kosa lile lile. Naye asipokubali, amri haitolewi.

Kwa maandishi, basi, hatuna neno. Shida ni nani anayeangalia.

Mwaka 1841 huko Boston, fundi viatu John Augustus alimdhamini mlevi aliyekuwa karibu kufungwa. Baada ya wiki 3 mlevi yule alirudi kortini akiwa hanywi tena, akatozwa faini ya senti 1. Wasimulizi hupenda sana ile senti. Mimi nazitazama zile wiki 3, kwa maana kulikuwa na mtu aliyejua mdhaminiwa wake yuko wapi na anafanya nini. Sheria ya probesheni ya jimbo lake, Massachusetts, ilikuja baadaye sana, mwaka 1878, Augustus mwenyewe akiwa amekwisha kufa.

Afisa wetu ana kazi mbili. Ripoti ya kabla ya hukumu ina tarehe, na hakimu anaisubiri. Ziara ya nyumbani haisubiriwi na yeyote. Kazi zikirundikana, mnajua ipi itaahirishwa. Hapo chifu na mzee wa mtaa ndio huachiwa kuangalia, na mzee huyo pengine ni ami yake mshtakiwa!

Kwa mwizi wa mara ya kwanza, bado nakitetea kifungo cha nje, mradi kiandamane na amri ya fidia. Akifungwa miezi minne atapoteza kibarua, na aliyeibiwa hatapata kitu. Kwa ubakaji na wizi wa mabavu sikitetei kabisa. Mume aliyempiga mkewe ndiye anayenitatiza zaidi: kumrudisha chini ya paa lile lile, bila afisa wa kubisha hodi, ni kumwadhibu mke.

Kwa hiyo nawaomba mahakimu wamuulize afisa, hadharani, ataweza kumtembelea mtu huyu mara ngapi. Akijibu kwamba hataweza, amri isitolewe. Badala yake ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998. Mtu akipangiwa kuchimba mtaro wa shule, mwalimu mkuu na wazazi watauona mtaro wenyewe, au watauona haujachimbwa.