Kihisi, Kidole na Prasadi
(Hotuba fupi iliyotolewa Rudewa katika maadhimisho ya hekalu letu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kisukari. Sisi si madaktari; elimu yetu iliishia sekondari, na maisha yetu yamepita nyuma ya mizani ya duka. Lakini hata mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo ina kosa linaloruhusiwa, na mwenye duka sharti alijue.

Mwanetu aliyeko Leicester alitutumia kihisi, kile kidude cha duara kibandikwacho nyuma ya mkono kwa siku 14 na kusomwa kwa simu. Tulikwisha choma vidole miaka mingi. Tukafurahi kama watoto. Usiku mmoja wa Navratri, saa nane, kikalia: sukari 3.1. Hatukutetemeka wala kutoka jasho, lakini hofu haina subira. Tukala sukari guru, kipande baada ya kipande. Asubuhi kidole kikasema 15.6. Usiku uliofuata kililia tena. Safari hii mama watoto akatuzuia, tukachoma kidole kwanza: 6.4. Tulikuwa tumeulalia mkono ule.

Kihisi hakipimi damu. Hupima sukari iliyomo katika majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili, chini ya ngozi. Ukikilalia, mahali pale hubanwa na namba hushuka, ilhali damu haikushuka. Tena sukari hubadilika kwanza katika damu, ndipo majimaji yale yafuate, hata kihisi huchelewa dakika 5 hadi 15. Ukiwa umetulia, si neno. Lakini aliyechoma insulini kisha akaenda shamba kwa miguu aweza kuonyeshwa 5 naye tayari yuko 3.5. Hilo latutisha kuliko kengele ya uongo. Mwili ukitetemeka na namba ikasema salama, choma kidole. Na kama mashine haipo karibu, kunywa maji ya sukari kwanza.

Vihisi vizuri vya leo hutofautiana na damu kwa wastani wa takriban asilimia 8 hadi 10: penye 10, husoma 9 au 11. Huo ni wastani tu. Siku ya kwanza huyumba zaidi, na vitamini C nyingi hupotosha baadhi yao.

Kidole nacho hudanganya. Siku moja, baada ya kugawa prasadi, tulipima tukapata 14, tuliponawa, 8. Sukari ilikuwa ya ladu, si yetu.

Mashine iko mezani, kando ya ndoo na sabuni. Atakayependa kupima, tafadhali anawe na kukausha mikono kwanza.