Ujuzi wa fundi ni mali ya nani?



Juma hili nataka tuzungumze habari za mashine ambazo siku hizi zinaitwa akili bandia, au kama wengine wanavyopenda kusema, akili unde. Kila mahali watu wanaulizana swali moja: je, mashine hizi zitatunyang'anya kazi? Wapo wanaoapa kwamba baada ya miaka michache ofisi zitabaki na viti vitupu. Wapo wanaosema hizo ni kelele za wafanyabiashara tu. Mabishano hayo yanafaa kupitishia jioni, lakini hayatufikishi mbali, maana kila upande unazungumzia kesho ambayo hakuna aliyeiona. Afadhali tumsikilize mtu aliyekwenda mahali pa kazi akahesabu.

Watu wa namna hiyo wapo. Nawataja wachumi watatu: Erik Brynjolfsson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Danielle Li wa chuo cha MIT, na mwenzao Lindsey Raymond. Mwaka 2023 walitoa ripoti ya utafiti wao, na mwaka 2025, baada ya kupitiwa upya, ikachapishwa katika jarida la Quarterly Journal of Economics. Walichukua kumbukumbu za kazi za wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 wa kampuni moja kubwa, isiyotajwa jina, inayouza programu za kompyuta za kuendeshea biashara. Wateja ni wenye biashara ndogo huko Marekani. Wahudumu wengi wako Ufilipino. Mteja programu inamgomea, anaandika malalamiko yake, mara nyingine kwa hasira na matusi, na mhudumu aliye upande wa pili wa dunia anamjibu kwa maandishi hadi tatizo limalizike.

Kampuni hiyo iliwaletea wahudumu hao mashine ya akili bandia. Mashine haikumjibu mteja. Ilikaa kando ya mhudumu, ikasoma mazungumzo, ikamnong'oneza: jibu hivi, au mwelekeze mteja kwenye maelezo haya. Mhudumu alikuwa huru kulifuata shauri hilo au kuliacha. Tena mashine haikutolewa kwa wote siku moja. Ilitolewa kundi baada ya kundi. Hapo ndipo wachumi walipopata nafasi ya kulinganisha waliokwisha kuipata na wale waliokuwa bado.

Walikuta nini? Katika ripoti ya mwaka 2023, idadi ya matatizo yanayomalizwa kwa saa iliongezeka kwa asilimia 14 kwa wastani. Lakini wastani huficha mengi. Kwa wanagenzi na wenye ujuzi mdogo ongezeko lilikuwa asilimia 34. Mhudumu wa miezi miwili aliyekuwa na mashine alifanya kazi sawa na mwenzake wa zaidi ya miezi sita asiyekuwa nayo. Wateja nao walipunguza ukali, na wakapungua wale wanaodai kuitiwa mkubwa wa kazi. Hata mashine ilipokatika, wahudumu waliokwisha kuitumia waliendelea kufanya vizuri kuliko zamani. Maana yake ni kwamba jambo fulani lilikwisha kuwaingia kichwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na wale mafundi hodari, waliobobea? Wao walipata haraka kidogo tu, na ubora wa majibu yao ulishuka kidogo.

Hapo, wasikilizaji, ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Kwa nini mwanagenzi afaidike na fundi asifaidike? Jibu ni kwamba mashine haikuzaliwa na ujuzi wake. Ilifundishwa kwa mazungumzo ya zamani ya wahudumu wenyewe, na ikajifunza kutambua maneno na mbinu za wale wanaofanya vizuri zaidi. Ilipomnong'oneza mwanagenzi, ilikuwa inamnong'oneza ujuzi wa fundi. Wachumi waliona hata lugha ya wasio na ujuzi ikianza kufanana na lugha ya mafundi. Kwa fundi mwenyewe, ni kama mtu kuuziwa maji ya kisima alichokichimba.

Miaka ya 1960 mwanafalsafa Michael Polanyi alieleza kwamba binadamu anajua mambo mengi kuliko anavyoweza kuyasema. Mpishi mzuri wa pilau hawezi kukuandikia lini moto upunguzwe. Anajua kwa harufu. Mimi nilipoanza kazi hii ya utangazaji nilikalishwa kando ya mzee mmoja, fundi wa mahojiano. Siku moja tulikwenda kuzungumza na mama aliyefiwa. Mzee aliuliza swali moja, kisha akanyamaza. Mimi nikatapatapa, nikitaka kuziba ule ukimya. Akanigusa goti chini ya meza. Baada ya kitambo yule mama akasema maneno ambayo swali lolote lisingeyatoa. Mzee hakuwahi kunieleza siri hiyo. Nilijifunza kwa kukaa naye, na yeye alipata heshima na mshahara wa mwalimu.

Kwa miaka mingi ujuzi wa namna hiyo ndio uliokuwa akiba ya mfanyakazi. Mwajiri aliweza kununua mitambo, lakini asiweze kuutoa ujuzi kichwani mwa fundi na kuufungia kabatini. Ndiyo sababu fundi alikuwa na sauti kwenye meza ya mazungumzo. Sasa, angalau katika kazi za maandishi, akiba hiyo inaweza kuchotwa kidogo kidogo, kila siku, bila mwenyewe kuulizwa. Na mahali ambapo bonasi hutolewa kwa kulinganisha mfanyakazi na wenzake, fundi hupata hasara mara mbili: ujuzi wake unawainua wenzake, kisha yeye anaonekana wa kawaida. Wahenga walisema, ahsante ya punda ni mateke.

Sisemi kwamba mashine hizi zifungiwe nje. Kumnyima kijana wa Manila msaada unaomwezesha kujifunza upesi na kutukanwa kidogo si haki pia. Wala utafiti wa kampuni moja hauwezi kutuambia ajira za dunia nzima zitakuwaje. Daron Acemoglu wa MIT, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2024, amekadiria kwamba faida ya mashine hizi kwa tija ya uchumi wa Marekani haitazidi asilimia 1 katika miaka kumi. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kushangilia wala wa kuomboleza.

Lakini swali la nani alipwe haliwezi kungoja. Utafiti huu wenyewe unaonyesha kwamba mashine husaidia zaidi pale ambapo tatizo si la kila siku, lakini limekwisha kutokea mara za kutosha kwa mashine kujifunza. Tatizo jipya kabisa halimo katika kumbukumbu zake. Lazima atokee binadamu wa kulitatua kwanza. Je, fundi ataendelea kujisumbua kutafuta njia mpya kama akijua kwamba kesho itakuwa ya wote isipokuwa yeye? Akiacha kujisumbua, mashine ya mwaka kesho itafundishwa na nani?

Kwa hiyo nasema hivi. Mwajiri anayeleta mashine ya namna hii awaambie wafanyakazi wake waziwazi kwamba maneno yao yanatumika kuifundisha. Vyama vya wafanyakazi viliweke jambo hili katika mikataba, kama vinavyoweka saa za ziada na likizo. Na fundi anayefundisha mashine alipwe kama mwalimu, maana ndiyo kazi anayoifanya.

Yule mzee wangu alimfundisha mtu mmoja kwa kumgusa goti. Mafundi wa leo wanafundisha maelfu wasiowajua. Tusikubali wafanye hivyo bure.

Hadi juma lijalo, nawatakia kazi njema.