Mtu Mpya, Si Njaa Mpya

Hotuba ya vijana wa kwaya waliotumwa Guatemala, kwa ajili ya Jubilii ya Miaka 50 ya kwaya yetu

 



Kamati ya jubilii imetupa dakika kumi na sharti moja, kwamba tuseme ukweli. Basi ukweli wenyewe unaanzia kwenye nguo. Mnaona kwaya imesimama mbele yenu na sare zake za zamani, na zingine kola zimekwisha. Sare mpya zilikuwa zishonwe kwa ajili ya siku ya leo. Sehemu kubwa ya mchango ule ikaingia kwenye nauli yetu sisi vijana wanane. Wapo waliokubali kwa moyo mkunjufu, na wapo waliokubali shingo upande. Mzee wetu mmoja alisimama katika mkutano akauliza: "Kwani Turkana hakuna njaa? Mbona mnapanda ndege kwenda kuitafuta ng'ambo?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tumekuja kulijibu leo, naye mzee ameketi hapa mbele akitutazama.

Kwanza, kwa nini Guatemala. Sisi watu wa Friends tunakumbuka mwaka 1902, wamisionari watatu kutoka Marekani walipofika Kaimosi. Mwaka huo huo, Friends wengine kutoka Marekani walifika mji wa Chiquimula, mashariki mwa Guatemala. Kwa hiyo kanisa letu na kanisa lao ni kama watoto waliozaliwa mwaka mmoja katika nyumba mbili, wakakua bila kuonana. Huko wanaitwa Amigos, yaani Marafiki. Mwaka 2012 Friends wa ulimwengu walipokutana Kabarak, baadhi ya wazazi wetu walikula meza moja na ndugu kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati, wakarudi nyumbani wakisema, "Siku moja vijana wetu waende." Ndivyo mbegu ilivyopandwa.

Tulijitayarisha miezi mitano. Tulijifunza Kihispania kwa programu ya simu na kwa daftari. Tulijua kusalimu na kushukuru, na tulijua kusema *Dios les bendiga*, Mungu awabariki, ambayo ndiyo salamu yao kanisani. Tena tukatunga wimbo wetu wenyewe kwa Kihispania, kutokana na fundisho la 2 Wakorintho 5:17, kwamba Kristo humfanya mtu kuwa mpya. Mtu kwa Kihispania ni *hombre*. Tuliufanyia mazoezi hapa hapa kanisani hata mkauzoea. Mlitupigia makofi. Hakuna aliyejua tunasema nini, na tukisema kweli, hata sisi wenyewe tulijua nusu tu.

Tulifika Chiquimula mwezi wa Julai. Ni sehemu ya joto na milima mikavu, katika ukanda wanaouita Corredor Seco, Ukanda Mkavu. Mvua ya huko huanza mwezi wa Mei, halafu kati ya Julai na Agosti hukatika kwa siku kadhaa. Zikizidi, mahindi hunyauka yakiwa yanatoa mbelewele. Mwaka 2001 sehemu za Jocotán na Camotán, katika mkoa huo huo, zilipata njaa ambayo habari zake zilienda mbali. Wanaume wengi hutegemea vibarua vya kuchuma kahawa, na kuanzia mwaka 2012 ugonjwa wa kutu ya majani ulipoharibu mashamba ya kahawa ya Amerika ya Kati, hata vibarua hivyo vikapungua.

Sisi ni watoto wa Trans Nzoia. Tumezoea kuambiwa kwamba tunakaa kwenye ghala la mahindi la Kenya, na tulikwenda huku tukijiona watu wa mahindi. Huko tukajua kwamba mahindi yenyewe chimbuko lake ni upande ule wa dunia. Babu zao waliyalima maelfu ya miaka kabla punje moja haijafika kwetu. Wanapanda mahindi na maharagwe pamoja shambani, kama nyanya zetu. Wanachemsha mahindi kwa chokaa, wanasaga, halafu mama anapiga donge la unga kwa viganja mpaka liwe kama chapati ndogo, analiweka juu ya chuma cha moto. Inaitwa *tortilla*. Bila hiyo, mtu wa huko husema hajala, kama wewe usivyokula bila ugali.

Jumapili ya kwanza tulipelekwa kwenye kanisa dogo la kijijini, juu mlimani. Tukaitwa kuimba. Tulisimama vizuri, sauti nne, ngoma yetu mbele. Tukaimba ule wimbo wetu kwa nguvu zetu zote, kiitikio mara sita.

Walitutazama kimya. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo. Tukadhani ni ugeni wetu. Tukaongeza sauti.

Tulipomaliza, mama mmoja mzee akainuka kutoka benchi la pili, akaja akatushika mikono mmoja mmoja, kisha akasema jambo. Kanisa zima likaangua kicheko. Mkalimani wetu alisita kidogo kabla ya kututafsiria. Mama alisema hivi: "Wanangu, njaa ya zamani bado tunayo. Hiyo mpya rudini nayo kwenu."

Ndugu zangu, kwa Kihispania herufi h iandikwapo mwanzo wa neno haitamkwi. *Hombre*, mtu, husomwa "ombre". *Hambre*, njaa, husomwa "ambre". Mmoja wetu alipokuwa akinakili wimbo kwenye daftari, o ikawa a, na sisi wote tukanakili kutoka kwake. Kwa miezi mitano mbele yenu, na siku ile mbele ya watu wa Ukanda Mkavu katika mwezi wa njaa, tulikuwa tumeimba kwa sauti nne kwamba Kristo analeta njaa mpya.

Tulicheka pamoja nao, maana hapakuwa na la kufanya. Yule mama hakutuacha hivyo. Alituketisha chini ya mwembe, akatufundisha neno moja tu, akifungua mdomo wake ili tuone: o, o, *hombre*. Alikaa nasi kama mwalimu wa chekechea. Kisha akatuita nyumbani kwake tukale.

Tulikula tortilla na maharagwe meusi na chumvi. Kila tulipomaliza, alileta nyingine. Wanne kati yetu tuliongeza mara tatu. Tulitoka pale tumeshiba, tukiimba njia nzima.

Kesho yake mchungaji wa pale alituambia kwa upole, si kwa kutulaumu, kwamba mavuno ya mama yule yalikwisha miezi mingi iliyopita. Mahindi tuliyokula alikuwa ameyakopa kwa jirani.

Usiku huo hatukulala vizuri. Tulichanga pesa, tukazitia katika bahasha, tukampelekea mchungaji ampe mama. Alizikataa. Akasema: "Alichowapa hakikuwa cha kuuzwa. Mkimlipa, mtakuwa mmekula hotelini. Mkitaka kumrudishia, kesho kuna mawe ya kubeba."

Basi tukabeba mawe. Kanisa lile lilikuwa linajenga tangi la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa, na mawe yalikuwa bondeni. Kwa siku tisa tulishuka na kupanda. Pesa zetu, kwa shauri la wazee wa pale, zilinunua simenti. Jioni tulikaa na watoto, na mama wa kijiji wakaja. Walitufundisha nyimbo zao, nasi tukawafundisha moja ya Kilogooli. Hatukusimama tena mbele ya mtu kuimba kabla hajatuambia maneno yana maana gani kwake. Siku tuliyoondoka tuliimba wimbo wetu tena, na *hombre* ikatoka sawasawa. Mama mzee aliinua kidole akakitikisa kila tulipofika kwenye neno lile, kama mwalimu wa kwaya anayengoja uharibu.

Jumamosi ya mwisho, katika bustani ya mjini, tulikuta watu wanapiga ala ndefu ya mbao, wapigaji wanne wamesimama bega kwa bega kwenye ala moja. Tukauliza inaitwaje. Wakasema, "Marimba." Tukatazamana. Ni neno tunalolijua! Guatemala waliitangaza marimba kuwa ala ya taifa mwaka 1978, lakini jina lake ni la lugha zetu za Kibantu, na wataalamu wengi husema ala hiyo ilivuka bahari pamoja na Waafrika waliopelekwa utumwani. Kwa hiyo sisi tuliokwenda kuwapelekea wimbo tulikuta wimbo wa Afrika umetutangulia kwa mamia ya miaka, tena ulifika kwa machozi. Tena tuliwaangalia wale wapigaji wanne. Hakuna anayeweza kupiga upande wake bila kusikia upande wa mwenzake. Aliye kwenye sauti nene akikimbia, wote wanaanguka.

Hapo ndipo tulipoelewa kosa letu. O na a ni kitu kidogo. Kosa lenyewe lilikuwa kwamba tulikuwa tumejifunza kutamka kabla ya kujifunza kusikiliza.

Sasa tunarudi kwa mzee wetu na swali lake.

Mzee, tulipotua nyumbani, Jumapili ya kwanza tuliketi nyuma kwa sababu tulichelewa. Tukajikuta benchi moja na baba yetu anayelinda kanisa usiku. Wote mnamjua. Ni Mturkana, na amekuwa nasi miaka sita. Tulipoimba Kilogooli, tulimwona amefunga mdomo, ametulia, anatabasamu kwa adabu. Tulikijua kimya kile. Tulikuwa tumekiona mlimani Chiquimula. Ni kimya cha mtu anayeimbiwa neno lisilo lake, na ni mpole mno kusema.

Miaka sita, na kwaya hii haijawahi kumwuliza baba huyu wimbo mmoja. Sisi wanane tulipita mbele yake kila Jumamosi tukienda kufanyia mazoezi Kihispania.

Kwa hiyo jibu letu ni hili, mzee. Ulikuwa sahihi. Njaa ya Turkana ilikuwa hapa, imeketi benchi la nyuma, na haikuhitaji nauli ya ndege. Hatutasema ilitubidi twende mbali ili tumwone baba huyu. Tungeweza kumwona bure. Lakini hatukumwona, na tunaungama hivyo mbele ya kanisa. Ilichukua mama mmoja maskini, katika lugha tusiyoijua, atufungue masikio. Kama mnasema gharama ilikuwa kubwa, hatubishani nanyi. Tunaomba tu isipotee.

Ndiyo sababu kwaya imekubaliana mambo mawili, na tunayasema hadharani ili mtudai.

La kwanza: kila mavuno, kuanzia mwaka huu, kila mwanakwaya ataleta magorogoro mawili ya mahindi makavu. Yatatunzwa hapa kanisani mpaka miezi ile ghala zinapokuwa tupu. Yatapelekwa kwa jamaa watakaotajwa na wazee, wa hapa na wa njia ya Lodwar, na wanakwaya wenyewe watayapeleka kwa mikono yao. Tukikaribishwa kula, tutakula kwa kiasi. Halafu tutauliza kuna mawe gani ya kubeba.

La pili: hakuna wimbo utakaoimbwa na kwaya hii kwa lugha ya mtu mwingine kabla mwenye lugha hiyo hajauketia na kutusahihisha.

Kuhusu sare, tunaomba zisubiri mwaka mmoja. Hizi za zamani waliziona watu wa Chiquimula, wala hakuna aliyezitazama kola.

Kabla hatujaketi tutaimba nyimbo mbili. Ya kwanza ni ule wimbo wetu wa Kihispania, na leo mtajua kila neno. Mkisikia "ambre", inueni vidole. Ya pili ni ya Kiturkana. Tumefundishwa na baba yetu mlinzi na binti yake kwa wiki saba, kila Jumamosi, na walitukataza kuiimba hadharani mpaka Jumamosi iliyopita waliporidhika. Leo wataianzisha wao, nasi tutaitikia.

Baba, karibu mbele. Ejok.

Na ninyi mlioanzisha kwaya hii kwa ngoma moja na kayamba mbili, asanteni kwa kutufundisha kuimba. Mtuombee miaka 50 ijayo tujue kusikiliza.

Mungu awabariki. *Dios les bendiga.*