Kutoka Kunyimwa Ushahidi Hadi Kiti cha Hakimu



Jamii yo yote hupimwa kwa mahakama zake ndogo, maana huko ndiko mnyonge hufika kwanza na shauri lake. Hayo yaonekana wazi katika maisha ya Mifflin Wistar Gibbs wa Marekani, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuwa hakimu wa mji nchini humo.

Gibbs alizaliwa Philadelphia mwaka 1823, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti. Baba alifariki mapema, naye mama akailea familia kwa kufua nguo za watu. Kijana alijifunza useremala, na mwaka 1850 akasafiri hadi San Francisco, ambako wengi walikimbilia dhahabu. Maseremala weupe wakakataa kufanya kazi pamoja naye. Hakukata tamaa, alianza kung'arisha viatu, kisha akafungua duka la viatu pamoja na mwenzake, Peter Lester.

Siku moja mtu mweupe aliingia dukani humo akampiga Lester kwa fimbo. Gibbs alishuhudia kwa macho yake. Lakini sheria ya California ilimkataza mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mtu mweupe. Aliyepigwa alikuwapo, shahidi alikuwapo, mahakama ilikuwapo. Haki ndiyo iliyokosekana. Kwa watu weusi, sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1863.

Gibbs hakunyamaza. Mwaka 1855 alishiriki kuanzisha gazeti la watu weusi, Mirror of the Times. Mwaka 1858 alihamia Victoria, katika koloni la Waingereza lililo sasa sehemu ya Kanada, na mwaka 1866 wananchi wakamchagua kuwa diwani. Huko ndiko alikoanza kusoma sheria. Akarudi Marekani, akaendelea na masomo Oberlin, na mwaka 1871 akafanya makao Little Rock, Arkansas, ambako alipata kibali cha uwakili.

Nchini Marekani majaji wa mahakama za shirikisho huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, bali katika majimbo mengi mahakimu wa chini huchaguliwa kwa kura. Baada ya vita ya mwaka 1861 hadi 1865, wanaume weusi walikuwa wamepata haki ya kupiga kura. Hivyo mwaka 1873 wapiga kura wa Little Rock wakamchagua Gibbs kuwa hakimu wa mji wao. Yule aliyekatazwa kusema mbele ya hakimu, sasa ndiye aliyewasikiliza wengine.

Kiti kile hakukikalia miaka mingi, kwa kuwa mwaka 1874 siasa za Arkansas ziligeuka. Hata hivyo, mwaka 1877 Rais Hayes alimteua kuwa msajili wa ofisi ya ardhi, na mwaka 1897 aliteuliwa kuwa konseli wa Marekani huko Tamatave, Madagaska, kisiwa jirani na pwani yetu. Alifariki Little Rock mwaka 1915.

Wapendwa, haki haianzi hukumu inaposomwa. Huanza pale mtu mdogo anaporuhusiwa kusema, na mkubwa akakubali kumsikiliza. Kila baraza linaloketi kuamua, la mji, la ukoo au la usharika, lijiulize kwanza: ni nani aliyeachwa mlangoni, na neno lake halijasikiwa?