Pinso safi, kazi ya kesho



Leo tunasema juu ya pinso, ile burashi ya kupaka rangi. Kati yetu tuliorudi Kasongo na Kabambare, kuna wanaokula kwa kupaka nyumba rangi. Pinso ikikauka na rangi ndani, kazi ya kesho imekufa, na ingine inatoka mbali, njia mbaya.

Basi tufanye hivi. Rangi ya maji: osha pinso palepale na maji na sabuni, mbele ya rangi kukauka. Rangi ya mafuta: pangusa kwanza na kitambaa, osha na petroli mbali na moto, kisha maji na sabuni. Petroli ile usiimwage. Acha itulie, rangi ishuke chini, ya juu itatumika tena. Usiache pinso imesimama ndani ya kopo, nywele zitapinda. Zifunge na karatasi, uitundike nywele chini.

Pinso za chama zinapita mikono mingi. Anayerudisha pinso safi amemwachia mwenzake kazi.